Pikapu kuukuu vilimani Gusii: bei ihesabiwe kutoka kwenye kazi

Ukiulizia pikapu kuukuu Kisii mjini, Keroka au Nyamira, kitu cha kwanza utakachotajiwa ni herufi za namba. Broka atasema "hii ni KBK" kisha anyamaze, kana kwamba herufi tatu zimemaliza hoja. Tangu mfululizo wa KAA ulipoanza mwaka 1989, ukafuatwa na wa KBA mwaka 2007 na wa KDA mwaka 2020, Wakenya wamezigeuza namba za magari kuwa kalenda ya bei, na kila herufi inaposogea mbele muuzaji huongeza maelfu kadhaa. Kalenda hiyo husema gari liliandikishwa lini Kenya. Haisemi lilitoka kiwandani lini. Pikapu ya KBK iliyoandikishwa 2010 baada ya kutumika ng'ambo miaka saba ni ya 2003, ilhali Isuzu ya KAU au KAV iliyounganishwa Nairobi ikauzwa mpya katikati ya miaka ya 2000 ni changa kuliko hiyo, japo namba yake inaitwa ya kizee. Anayepanga bei kwa herufi anaweza kulipa zaidi kwa gari lililozeeka zaidi. Na mwaka wenyewe, hata ukijulikana kwa hakika, husaidia kidogo sana gari likishapita miaka kumi na tano. Hoja yangu ni kwamba bei ya pikapu ya umri huo isitafutwe kwenye namba, wala kwa jirani aliyeuza yake mwezi uliopita. Itafutwe kwenye kazi ambayo gari hilo bado linaweza kuifanya katika vilima hivi, kisha ihesabiwe kurudi nyuma hadi kwenye pesa ya leo.

Hesabu hiyo ina uzito wa pekee kwa pikapu kwa sababu bei zake hazishuki kama za magari mengine. Kanuni ya Shirika la Viwango, KS 1515:2000, hairuhusu kuagiza gari lililotumika lililopita miaka minane. Maana yake ni kwamba pikapu zote za miaka ya tisini na za mwanzoni mwa miaka ya 2000 unazoziona barabarani ndizo hizo hizo zilizomo nchini. Hakuna meli itakayotia nanga Mombasa na nyingine za rika lake. Hata zile zinazoruhusiwa ni chache. Japani, tunakoagiza sehemu kubwa ya mitumba yetu, si nchi ya pikapu: Toyota iliacha kuiuza Hilux huko mwaka 2004 na haikuirudisha sokoni hadi 2017. Ndiyo maana soko letu linategemea zilizounganishwa hapa nchini, hasa Isuzu za kiwanda cha Mombasa Road kilichokuwa cha General Motors kabla Isuzu haijanunua hisa za Wamarekani hao mwaka 2017, pamoja na chache zinazotoka Thailand, Afrika Kusini na Uingereza. Juu ya hayo, ushuru wa forodha wa magari ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023, na mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 kabla ya shilingi kupata nafuu. Kila linalomzuia mtu kununua pikapu changa humrudisha kwenye foleni ya wanaotafuta kuukuu.

Kwa hiyo broka anaposema pikapu haishuki bei, hasemi uongo. Anachokiacha ni nusu ya pili ya habari. Chuma hakina habari na ushuru wa forodha. Chesisi inaendelea kuliwa na kutu, ringi zinaendelea kulegea, meno ya giaboksi yanaendelea kusagika, na yote hayo hutokea huku bei ikiwa imesimama pale pale. Mtu aliyenunua Hilux miaka mitano iliyopita na anayeinunua leo kutoka kwake kwa bei ile ile hawakununua kitu kimoja. Wa pili amelipa pesa sawa kwa kazi pungufu ya miaka mitano. Katika soko ambalo bei hushuka kadiri gari linavyozeeka, mnunuzi mzembe huokolewa na soko lenyewe, kwa sababu ubovu umeshapunguziwa bei kabla hajafika. Katika soko la pikapu hakuna wa kumwokoa. Asipoupima ubovu mwenyewe, ameulipia kana kwamba ni uzima.

Kazi yenyewe ya Gusii nayo ina sura yake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na ardhi waliyogawana ni ndogo. Mashamba ni vipande, na mzigo wa kila shamba ni mdogo: mikungu kumi ya ndizi hapa, magunia matatu ya parachichi pale, mbao za mikaratusi kutoka ng'ambo ya kijito. Lori halishuki kwenye vichochoro hivyo, na likishuka halipandi. Pikapu ndiyo inayokusanya kutoka bomani hadi Nyakoe, Daraja Mbili au Keroka, ambako malori ya Nairobi husubiri. Ndiyo inayoshusha mawe ya sabuni kutoka Tabaka, inayopeleka mchanga na simenti kwenye majengo, na mwisho wa wiki ndiyo inayobeba hema, viti na jeneza. Majani chai hayamo katika hesabu hii kwa kiasi kikubwa, maana viwanda kama Kebirigo, Sanganyi, Nyamache na Ogembo huyachukua kwa malori yao kutoka vituo vya kununulia. Chai inaingia kwenye habari hii kwa njia ya pesa, kama tutakavyoona. Safari ni fupi, miinuko ni mikali, mvua hainyeshi kwa msimu mmoja tu, na udongo mwekundu ukilowa hushika kila kilicho chini ya gari. Kinachokufa kwanza katika mazingira haya ni klachi, breki, springi na chesisi. Ndiyo sababu usomaji wa kilomita kwenye dashibodi hausaidii. Kilomita elfu kumi za kupanda kutoka bondeni na mzigo, gia ya kwanza na ya pili, zina madhara zaidi kuliko elfu arobaini za lami kati ya Nakuru na Eldoret, na hapo tunachukulia kwamba mita hiyo bado inafanya kazi na hakuna aliyeirudisha nyuma.

Basi ubovu unapimwa vipi kabla haujawa pesa? Waanzao hutazama rangi na matairi, na wauzaji wanalijua hilo. Kupaka rangi ni rahisi kuliko kubadilisha bushi. Mnunuzi mwenye akili huenda na fundi ambaye halipwi na broka, na hufika mapema kuliko saa waliyopatana. Kwanza huweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, mtu ameshaiwasha na kuizima, na sababu ya kufanya hivyo mara nyingi ni kwamba injini ikiwa baridi haiwaki kwa urahisi au hutoa moshi ambao muuzaji hakutaka uonekane. Ikiwaka, moshi wa buluu ni oili inayochomeka, mweupe usiokoma unaweza kuwa maji yanayoingia ndani, mweusi mzito ni nozeli au pampu ya dizeli. Kisha kifuniko cha oili hufunguliwa injini ikinguruma: ikiwa moshi unasukuma kutoka humo kwa nguvu, ringi zimechoka, na injini hiyo itafunguliwa mapema kuliko muuzaji anavyoapa. Baada ya hapo fundi hulala chini. Nyuma ya kebini na pale springi za nyuma zinaposhikana na chesisi ndipo matope hukaa, na spana ndogo ikigonga hapo husema kweli. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza au hubomoka. Springi zenyewe ni ushuhuda. Zikihesabiwa majani mengi kuliko ya kiwandani, gari limekuwa likibeba kupita uwezo kwa muda mrefu kiasi cha mwenyewe kuamua kulipia jambo hilo, na alama za kuchomelea kwenye chesisi zitakuwa mbali kidogo tu kutoka hapo. Mwisho, gari lipandishwe mlima likiwa na mzigo halisi, lisijaribiwe tupu kwenye lami ya Kisii kwenda Suneka. Klachi inayoteleza haijifichi mlimani.

Kila kasoro iandikwe na bei yake, ya spea na ya mkono wa fundi, kwa kuuliza dukani siku hiyo hiyo. Hapa ndipo aina ya gari inapoanza kuwa na maana, na si kwa jinsi jina lake linavyotajwa. Isuzu TFR za zamani zenye injini ya 4JA1, lita 2.5, hazina kompyuta ya kusumbua. Pampu yake ni ya chuma mtupu, na fundi wa jua kali Nyamira anaifahamu hadi nati ya mwisho. Hilux za injini ya 3L, lita 2.8, ni za ukoo huo huo wa usahili, ila zina mkanda wa taimingi ambao ukikatika injini inaumia, na hazipendi kuchemshwa. Nissan Hardbody ya TD27 ni ngumu vile vile. Zilizokuja baadaye, Hilux za D4D na D-Max za rika lake, zina nguvu zaidi na zinakula dizeli kwa adabu, lakini injekta zake zinaogopa dizeli chafu, na seti nzima ya injekta nne ikiharibika bili inaweza kula sehemu kubwa ya faida ya mwaka mzima. Peugeot 504, iliyokuwa mfalme wa barabara hizi, sasa inanunuliwa na mapenzi zaidi kuliko hesabu. Inakunywa petroli na spea zake halisi zimeadimika. Kwa mnunuzi wa kawaida wa hapa, gari la zamani lenye mashine rahisi linaweza kustahili bei ya juu kuliko changa lenye mashine ngumu, na hilo ni kinyume kabisa cha jinsi bei zinavyopangwa kwa herufi za namba.

Sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe. Tarakimu zifuatazo ni za mfano, na kila mtu aweke zake, lakini mpangilio wake ndio hoja. Tuseme pikapu ya tani moja inapata kazi siku nne kwa wiki, shilingi 5,000 kwa siku, yaani 20,000 kwa wiki. Dizeli imechukua 7,500, dereva na utingo 4,500, ada za soko na vijisenti vya njiani 1,000. Zinabaki 7,000. Mwaka una wiki 52, lakini gari kuukuu halifanyi kazi zote. Tutoe kumi za gereji, za mvua iliyofunga barabara na za msimu ambao ndizi ni chache. Wiki 42 zinaleta 294,000. Kutoka hapo toa bima, ukaguzi wa kila mwaka, matairi, sevisi na matengenezo ya kawaida, pamoja na kodi ya mapema ambayo Sheria ya Fedha ya 2023 iliiweka kuwa shilingi 2,500 kwa kila tani au 5,000 kwa mwaka, yoyote iliyo kubwa. Tuseme yote ni 120,000. Faida ya mwaka ni 174,000, na ya miaka mitatu ni 522,000. Baada ya miaka hiyo gari litauzwa, tuseme kwa 250,000. Jumla ya yote ambayo gari hilo litamrudishia mwenyewe ni 772,000. Lakini kabla halijabeba mkungu wa kwanza, orodha ya fundi ilikuwa imefika 120,000. Toa hizo, zinabaki 652,000. Na katika miaka mitatu ni busara kudhani injini au giaboksi itafunguliwa angalau mara moja, na kwamba mwenye gari anastahili kupata kitu kwa pesa yake iliyofungiwa hapo. Weka kando 150,000. Tumefika 502,000.

Tarakimu hizo mbili za mwisho zina maana tofauti. Anayelipa 650,000 kwa gari hilo hajapata hasara ya kuonekana; ataliona likienda na kurudi kila siku, litampa pesa ya mkononi kila jioni, na baada ya miaka mitatu atagundua kwamba pesa zote hizo zilikuwa zake mwenyewe zikimrudia kidogo kidogo. Anayelipa 500,000 ndiye aliyefanya biashara. Tofauti ya 150,000 inaonekana ndogo wakati wa kupatana bei, hasa broka anapoanza kusema "wewe ongeza kidogo tumalize", lakini faida yote ya kazi ya miaka mitatu imo ndani yake. Tena hesabu hiyo ni nyeti. Dizeli iliwahi kupita shilingi 200 kwa lita mwaka 2023, baada ya VAT ya mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Dizeli ya mfano wetu ikipanda kwa asilimia 20 tu na nauli ya mzigo isipande nayo, gharama inaongezeka kwa 1,500 kwa wiki, yaani 63,000 kwa mwaka. Ni zaidi ya thuluthi ya faida yote.

Wengi hawanunui kwa pesa taslimu. Benki husita kukopesha kwa dhamana ya gari la umri huu, na kampuni za bima husita kutoa bima kubwa, kwa hiyo mwenye pikapu kuukuu hubaki na bima ya mtu wa tatu: ikibingirika kwenye mteremko wa Manga, hasara ni yake yote. Anayekopa huenda Sacco. Chukua mkopo wa 500,000 kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi juu ya salio linalopungua, kwa miezi 36. Malipo ya kila mwezi ni karibu 16,600, na riba yote ni karibu 98,000. Pikapu ya mfano wetu huacha faida ya 174,000 kwa mwaka, yaani 14,500 kwa mwezi. Gari halijilipi. Kila mwezi mwenyewe ataongeza zaidi ya elfu mbili kutoka mshahara, duka au chai, na mwezi ambao gari liko gereji ataongeza zote. Ili gari lijilipe lenyewe, mkopo usizidi 430,000 hivi, na hapo bado hakuna akiba ya injini. Wanaopeleka maombi ya mkopo wangefanya vyema kuifanya hesabu hii kabla ya kuwatafuta wadhamini, kwa sababu wadhamini ndio watakaoifanya baadaye.

Kuna jambo moja ambalo halipunguziwi bei hata kidogo, nalo ni hati. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki humhesabu aliyeandikwa kwenye logbuku kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo, na kifungu cha 9 hakiruhusu gari lililouzwa litumike zaidi ya siku kumi na nne bila mmiliki mpya kuandikishwa. Pikapu kuukuu zimepita mikono mingi enzi za fomu za karatasi, wakati mtu alitia saini pasipo tarehe na gari likauzwa mara tatu kwa saini ile ile. Sasa uhamisho hufanywa kwenye mtandao wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, na lazima aliyeandikishwa auanzishe mwenyewe. Akiwa amefariki, na kwa magari ya miaka ishirini hilo si jambo la nadra, hakuna saini itakayosaidia. Warithi wanahitaji barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na ndugu wakiwa hawapatani gari litasimama kwenye jina la marehemu kwa miaka. Muuzaji atakuambia kwamba ndiyo sababu anaiachilia kwa bei ya chini. Bei hiyo si ya chini. Unanunua haki ya kutumia gari la mtu mwingine hadi siku utakaposimamishwa barabarani au utakapotaka kuliuza. Ripoti ya NTSA inayogharimu shilingi 550 huonyesha jina la aliyeandikishwa, na vile vile kama kuna mkopeshaji anayeshikilia gari hilo. Namba ya injini nayo ilinganishwe na logbuku, kwa kuwa pikapu za umri huu nyingi zimeshabadilishiwa injini, na mabadiliko ambayo hayakuandikishwa yatamsumbua mnunuzi kwenye ukaguzi, hayatamsumbua aliyeyafanya.

Yapo mapingamizi, na la kwanza ni zito: soko ndilo huamua, na mwenye hesabu yake ya 500,000 atarudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu mwenzake atatoa 600,000. Huenda ikawa hivyo. Lakini neno soko hapa linabeba zaidi ya linavyostahili. Pikapu kuukuu mbili hazifanani, wauzaji ni wachache kwa wiki yoyote, na bei zinazotajwa mtandaoni au kando ya barabara ni za kuombwa. Zilizolipwa hazitangazwi popote. Katika soko la namna hiyo bei moja haipo. Kuna watu wawili, na aliye na haraka ndiye hulipa. Haraka nayo ina msimu wake. Bonasi ya chai ya KTDA hulipwa kuelekea Oktoba, na ingawa wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa hupata kidogo kuliko wa mashariki, inatosha kuwaleta wanunuzi wengi kwa wakati mmoja. Januari hali hugeuka: shule zimefunguliwa, karo inadaiwa, na mwenye pikapu ndiye anayepiga simu. Aliyekosa gari la 600,000 mwezi wa Novemba hakupoteza kitu ambacho hesabu yake ilimwambia akitafute.

Pingamizi la pili linahusu mambo yasiyo ya faida. Pikapu bomani si chombo cha mizigo tu. Usiku mama mjamzito akizidiwa, ndiyo itakayompeleka Hospitali ya Rufaa ya Kisii; kwenye msiba wa ukoo, mwenye pikapu hasubiri kuombwa; na kuna heshima ya mtu anayepita Keroka akiitwa kwa jina la gari lake. Haya ni kweli na yana thamani. Kosa ni kuyachanganya na hesabu ya biashara ili kuhalalisha bei ambayo biashara haiwezi kuibeba. Anayetaka kulipa 100,000 za ziada kwa ajili ya heshima na dharura azilipe kwa macho wazi, kutoka mfuko wa matumizi ya nyumbani, na asije baadaye kuilaumu pikapu kwamba haileti faida. Na akumbuke kwamba misiba na wagonjwa hawalipi nauli, ila dizeli wanaitumia. Siku nne za kazi kwa wiki zikipungua kuwa tatu kwa sababu ya udugu, hesabu nzima inageuka.

Wengine hupinga kwa upande wa pili kabisa: kwamba gari kuukuu lisinunuliwe kwa bei yoyote, bora kuvumilia na kupata Suzuki Carry au TownAce iliyoingia juzi. Kwa mizigo mepesi ya lami, sawa. Kwa mchanga na mbao za mikaratusi kwenye njia ya kushuka mtoni baada ya mvua, gari dogo litazeeka kwa miaka miwili. Mbadala wa kweli ambao wengi hawaupimi ni kukodi. Mfanyabiashara wa ndizi anayehitaji gari siku mbili kwa wiki, kwa bei ya mfano wetu, hulipa 10,000 kwa wiki na hana tairi, injini wala dereva wa kumfikiria. Akinunua, gari litasimama siku tano, na bima, kodi na kutu havisimami. Kwa mtu huyo hakuna bei nzuri ya pikapu. Anayefikisha siku nne zenye uhakika, kutoka kwa wateja anaoweza kuwataja, ndiye mnunuzi.

Kwa hiyo anayepanga kununua mwaka huu aandike kwanza siku zake za kazi na nauli yake halisi, aijaze hesabu iliyo hapa juu kwa tarakimu zake, isipokuwa orodha ya fundi, na apate bei yake ya juu kabla ya kuonyeshwa gari lolote. Orodha ya fundi ikishakamilika, itolewe yote kwenye bei hiyo. Muuzaji akikataa, aachwe. Akikubali, pesa zilipwe benki, na kiasi kikubwa kisitoke kabla aliyeandikwa kwenye logbuku hajaanzisha uhamisho kwenye eCitizen na mnunuzi akauona kwenye simu yake.